Basi Lisilopata Vumbi

Jumatatu, 1 Desemba 1975. Arua.

Kitabu cha Kampuni kimefika. Ni kizito kweli! Karatasi zinang'aa, zinanukia Ulaya. "Mauzo ya Mwaka katika Masoko ya Dunia." Nimenawa mikono kwanza ndipo nikakifungua. Ukurasa wa mbele kabisa: wakala wa Uajemi, na picha yake. Amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Ameuza mabasi mengi hata nimechoka kusoma. Brazil vilevile. Kuna na kisiwa kimoja ambacho sijapata kukisikia, nacho kimenunua mawili, ingawa kwa jinsi kilivyochorwa, basi likishika kasi kidogo litatumbukia baharini.

Ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho, herufi za kusoma kwa kukodoa macho: West Nile. Sifuri.

Huyo ni mimi. Fadhul, wakala wa mabasi ya Brelund, West Nile ya Uganda na nchi jirani. Huu ni mwaka wa tatu wa sifuri. Ofisi ninayo, kibao mlangoni ninacho, kibasi cha bati cha mfano kiko mezani, cha kijani, kizuri. Basi lenyewe hakuna aliyenunua. Watu wa huku wanasema lori linatosha.

Na onyo limo ndani ya kitabu: ripoti ya mwaka huu nayo ikiwa sifuri, uwakala utakwenda kwa Sulaiti wa Koboko. Sulaiti! Mtu aliyekuwa akiuza masufuria yaliyotoboka!

Mke wangu Sadiya ameuliza kitabu kinasemaje. Nimesema kinanisifu. Akauliza, basi ni lini? Mama yake ni mgonjwa kule Koboko, na Sadiya mwenyewe hawezi kupanda lori, kwa sababu nyonga yake ilivunjika ikaunga vibaya. Siku nilipopata uwakala nilimwahidi: basi langu la kwanza, yeye atakaa dirishani mpaka kwa mama yake. Tangu hapo hawajaonana. Leo ameyasema hayo yote tena, pamoja na habari ya sukari kuadimika, na paa, na ninavyokoroma. Sadiya akianza kulalamika hana breki.


Jumanne, 2 Desemba.

Akili imefunguka alfajiri! Nimeandika ripoti ya mwaka. Mwongo mjinga angeandika mabasi ishirini. Mimi nimeandika moja. Brelund, rangi ya kijani, njia ya Arua na Koboko. Kampuni ikiuliza limetoka wapi, nimeandika limetoka ghala la Khartoum. Khartoum hawajibu barua za mtu yeyote. Hilo Kampuni yenyewe imelilalamikia kwenye kitabu.

Kisha sifa. Hapo kalamu ilikimbia. Basi hili halinywi mafuta. Halipati vumbi. Halina kelele. Haliharibiki. Na raha yake ni kubwa hata abiria hawataki kushuka.

Sentensi hiyo ya mwisho ilinipendeza mno, nikaisoma kwa sauti. Kosa langu ndilo hilo. Sadiya alikuwa nyuma ya mlango akichambua maharagwe. Akapiga vigelegele! Kabla sijafunika wino, majirani wamejaa uani wananipa mkono. Shangazi yangu Rabia, dada ya marehemu baba, amekuja na fimbo yake kuuliza karama ya kulisomea basi ni siku gani. Nimesema Alhamisi. Ningesema nini?


Alhamisi, 4 Desemba.

Karama imefanyika. Kila mtu hapa anajua gari jipya haligusi barabara bila karama. Unachinja, maalim anasoma Fatiha na dua, watu wanasema amina, wanakula, na damu kidogo inapakwa kwenye magurudumu. Nimechinja mbuzi mwembamba. Idi inakaribia, mbuzi wanene hawashikiki.

Maalim Sulaimani akauliza gari liko wapi. Nikasema limeshatangulia Koboko. Akakuna ndevu. Akasema yeye hajawahi kusomea gari ambalo halipo, atanyanyua mikono juu ya nini? Watu wameketi, nyama inanukia. Nikaleta ripoti, nikaitandaza juu ya mkeka karatasi kwa karatasi. Nikamwambia basi lote limo humu. Akauliza kama yaliyoandikwa ni kweli. Nikasema kila neno.

Akasoma. Watu wakasema amina kubwa, maana walikuwa na njaa. Magurudumu hayakuwepo, kwa hiyo damu tumeipaka kwenye pembe za karatasi. Sulaiti alitoka Koboko kwa ajili ya kula tu na kunichunguza. Amekula ini lote.

Mchana ripoti imekwenda posta. Karani aliuliza zile alama nyekundu ni za nini. Nimesema ni muhuri wa idara.


Jumamosi, 6 Desemba.

Paska wa Ediofe, yule anayeniuzia vitunguu, amekuja ofisini anapiga makofi. Anasema jana alikuwa Maracha, kando ya barabara ya Koboko, na basi langu limepita. "Kijani, Fadhul! Iko napita kama kivuli. Mbwa yote nalala chini. Na vumbi hakuna, hata kidogo!"

Nilicheka nikamshukuru. Alipoondoka nikakaa chini. Desemba hii, mtu akitoka njia ya Koboko ni mwekundu mpaka kope. Hata baiskeli inatimua vumbi.

Nimefikiri sana. Jibu ni moja: Sulaiti amenunua basi, amelipaka kijani ili kunichezea akili. Mshenzi.


Jumatatu, 8 Desemba.

Sulaiti mwenyewe ameingia ofisini. Ameshuka kwenye lori lake, mwekundu kama tofali, amekasirika. Anasema basi langu limempita kwenye mlima karibu agonge mti. Hakusikia hata injini. Nikamwambia aache mchezo, basi ni lake. Akaniapia. Tukaapiana, kila mmoja akimsukumia mwenzake basi, mpaka sauti zikatukauka.

Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna jambo moja. Alilitazama sana lilipopita. "Kiti ya dereva iko pale. Lakini dereva hakuna."

Alipotoka nimekwenda kuangalia nakala yangu. Rangi nimeandika. Njia nimeandika. Dereva sikumwandika.


Jumatano, 10 Desemba.

Wamekuja vijana wawili wa mtaa wa juu. Wana heshima, wamevua kofia. Wanasema baba yao alipanda basi langu Jumatatu aende Koboko kwa ajili ya Idi. Koboko hajashuka. Lakini jana basi lilipita hapa likirudi, naye yuko dirishani, anatabasamu. Wakamwita. Hakugeuka. Leo pia amepita.

Nikasema labda amependa safari. Wakasema hata wao wameona hivyo, wanataka tu kujua basi hushusha watu wapi. Nyuma yao alikuwepo mama mmoja aliyempoteza dada yake kwa namna hiyohiyo. Naye hakukasirika. "Yeye iko sawa," ananiambia, "yeye nacheka tu. Lakini mutoto yake nalia."

Nimewaambia ni raha ya viti. Wameondoka wakinisifu. Nimefunga ofisi na kufuli, nikaketi ndani.

Sadiya amekwishafunga mzigo wake wa Koboko.


Alhamisi, 11 Desemba.

Nilitaka kumwambia. Mungu ananiona, nilitaka. Nilianza vizuri, nikasema, Sadiya, hilo basi. Akasema analijua hilo basi, amelingoja kuliko mtu yeyote wa Arua. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi ya mdogo wake. Kwenye mzigo ameweka kipande cha sabuni na sukari, sijui hata ameipata wapi, ya mama yake. Nikasema asubiri mpaka Idi ipite. Akanitazama, akauliza kama ninaona haya yeye kuchechemea mbele ya abiria wangu.

Ilibaki maneno mawili tu. Hakuna basi. Mtoto mdogo angeyasema. Lakini kesho yake mtaa wote ungejua, na keshokutwa Sulaiti angekuwa anang'oa kibao mlangoni. Nikameza.

Saa sita mchana, jua la utosi, limekuja. Nimeliona kwa macho yangu kwa mara ya kwanza. Ni kijani kilekile cha kibasi cha mezani. Halikuwa na sauti. Mbuzi wa barabarani wametawanyika kabla halijatokea. Mlango umefunguka wenyewe, na baridi imetoka, baridi ya chini ya mtungi, mchana wa Desemba! Sadiya amepanda bila kushika chuma, yeye ambaye hata kizingiti cha nyumba hukipanda kwa kuguna. Amekaa dirishani nilivyomwahidi.

Nikamwona akinipungia. Halafu uso wake ukalainika. Ule mkunjo wa kati ya nyusi, ambao nimeuzoea tangu ndoa, ukaondoka. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.


Jumamosi, 13 Desemba. Idi.

Swala imeswaliwa. Shangazi Rabia ameniletea nyama, sikula. Saa sita nimekwenda kusimama barabarani na kanzu yangu mpya.

Limepita. Sadiya yuko dirishani, mzigo uko magotini, haujafunguliwa. Hakushuka Koboko. Nimekimbia ubavuni mwa basi nikiita jina lake. Nimepiga bodi kwa ngumi. Haikutoa sauti, nimepiga kama mtu anayepiga godoro. Alinitazama kama mtu anavyotazama miti ya njiani.

Nimelia pale barabarani mbele za watu, na kanzu. Mzee mmoja amenishika bega akasema hajaona mtu anayeipenda biashara yake kiasi hicho.


Jumatatu, 15 Desemba.

Mpango! Nimekwenda njia ya Maracha na ubao wenye misumari, nikautega kwenye kona. Basi likitoboka litasimama, nami nitamtoa mke wangu kwa mkono. Nimejificha kwenye mihogo.

Basi limekuja, limepita juu ya ubao. Misumari haikupinda hata mmoja. Nilisahau kwamba nimeandika haliharibiki.

Nyuma yake lilikuwa linakuja lori la Sulaiti. Hilo limetoboka magurudumu yote ya mbele. Nimekaa kwenye mihogo mpaka jua likatua, nikimsikiliza akitukana. Ana matusi mapya, sijui huwa anajifunzia wapi.


Jumatano, 17 Desemba.

Nimemwambia Shangazi Rabia. Yote. Hakupiga kelele. Aliegemea fimbo akaniuliza watu walikula? Nikasema walikula. Walisema amina? Walisema. "Ya Fadhul," akasema, "watu hawawezi kula karama ya bure. Wewe nasomea karatasi, sasa karatasi nakuja." Dawa yake ni moja, anasema. Nichinje tena, niite watu walewale, nisimame mbele yao niseme hakuna basi. Neno likifutwa pale lilipofungwa, wote watashuka, Sadiya na wenzake.

Nikamfuata Maalim Sulaimani nikamlaumu kidogo kwa kusoma vizuri kupita kiasi. Akanijibu kwa upole, na upole wake ulinichoma. Akasema yeye aliomba salama, uongo ulikuwa wangu. Akasema yuko tayari kuja siku nitakayosema kweli, hata kwa uji.

Nimerudi nyumbani nikafikiri. Watu walewale! Sulaiti akiwemo! Uwakala kwisha, kibao kwisha, jina la Fadhul kuwa kichekesho mpaka Kaya ya Sudan. Hapana. Lazima iko njia ya katikati.

Nimeipata. Nimeandika nyongeza ya ripoti, mstari mmoja: "Abiria Sadiya ameshuka Arua salama, ana furaha, hana malalamiko yoyote." Nimechinja kuku. Maalim sikumsumbua, nimesoma mwenyewe. Wachukuzi wawili wa sokoni wamesema amina wakala paja moja moja. Shingo nimekula mimi. Nyongeza imekwenda posta.


Alhamisi, 18 Desemba.

Sadiya amerudi! Saa sita hodi, nafungua, yeye! Gauni safi, limenyooka. Hana vumbi hata kwenye kisigino. Na hachechemei! Nimemkumbatia, nimelia, nimemwita majina ambayo sijamwita tangu tukiwa vijana. Alikuwa wa baridi kidogo. Safari ndefu.

Nimemuuliza mzigo uko wapi. Ametabasamu. Nimemuuliza mama hajambo? Amesema safari ilikuwa nzuri sana.

Fadhul, wewe ni kichwa! Shangazi na Maalim na hekima zao zote, nami nimemaliza kwa kuku.


Jumanne, 23 Desemba.

Nyumba imetulia. Sadiya anapika, anafagia, anatabasamu. Sukari hakuna, hasemi. Juzi nilikoroma kwa makusudi. Asubuhi akasema amelala vizuri.

Leo nimetia chumvi kwenye chai yake, vijiko vitatu vya kujaza. Amekunywa yote. Amesema asante.

Jioni Shangazi Rabia alikuja. Sadiya alikuwa anapita uani, na Shangazi akawa anatazama chini pale Sadiya alipokanyaga. Ua wetu ni vumbi tupu, na nyayo zilizokuwepo zilikuwa zangu na za kuku. Shangazi akakataa chakula, akajifunga mtandio. Mlangoni akaninong'oneza: "Huyu si Sadiya yetu. Huyu iko ya karatasi."

Wivu wa kizee, nimejiambia. Lakini nimekaa nje mpaka giza likaingia, sikutaka kuingia ndani na lile tabasamu.


Jumatatu, 29 Desemba.

Sulaiti amekuja, si kwa ugomvi. Alivua kofia, na hapo nikajua. Mama yake Sadiya amefariki jana, amezikwa kabla ya magharibi. Anasema mpaka mwisho mama alikuwa akimwita binti yake, wakimwambia yuko njiani.

Nimekwenda jikoni kumwambia Sadiya. Nimemshika mikono, nimemwambia taratibu kama inavyopasa. Ametabasamu. Amesema, "Sawa." Akaendelea kukoroga mboga.

Nimetoka nje nikiwa sioni vizuri. Sulaiti alikuwa bado amesimama, anakunjakunja kofia. Akasema liko jambo jingine, na hapendi kulisema. Leo asubuhi njiani amekutana na basi. Wote ndani wanatabasamu, isipokuwa mmoja. Sadiya yuko dirishani na mzigo wake, anapiga kioo kwa viganja. Mdomo uko wazi. "Yeye nasema, nasema, nasema," Sulaiti akasema, "lakini sauti haitoki inje."

Nikakumbuka nilivyoandika. Halina kelele.

Shangazi Rabia amenieleza bila kunionea huruma. Niliandika Sadiya ameshuka. Kwa hiyo yule aliyebaki si abiria tena, hata ile raha ya abiria imemtoka. Yuko macho, peke yake, kati ya watu wanaocheka. Ninaandika haya na karatasi inalowa. Nataka mke wangu. Nataka anilalamikie sukari, paa, mama yake, kila kitu, mpaka kufa kwangu.

Nimeamua. Alhamisi ni sikukuu, watu wote wako nyumbani. Nitachinja kondoo dume wa kweli, nitawaita walewale, nitasema.


Jumatano, 31 Desemba.

Kondoo amepatikana, mnene. Maalim amekubali kuja, amenishika mkono muda mrefu. Nimejizoeza mbele ya kioo. Hakuna basi. Hakuna basi. Yanatoka vizuri.

Saa tisa, simu ya maandishi kutoka Nairobi. Kampuni inanipongeza! Kwa ukuaji wa mauzo mwaka huu, West Nile ni ya kwanza katika masoko yote ya dunia. Wanasema kutoka sifuri kwenda moja ni ukuaji usiopimika, wataalamu wao wa hesabu wamejaribu wameshindwa. Uajemi ya pili! Brazil haionekani kwa macho! Wanaomba picha yangu kwa kitabu kipya, na matarajio ya mwaka 1976, haraka.

Haibadilishi kitu. Kesho nasema. Nimeandika matarajio kidogo tu, kwa ajili ya kufanya mazoezi ya mkono. Nimetazama kama miwani ya jua inapatikana sokoni. Iko moja.


Alhamisi, 1 Januari 1976.

Walikuja wote. Wale vijana wawili, yule mama na mtoto wa dada yake mgongoni, Paska na vitunguu vya mchuzi, Shangazi Rabia na fimbo, Maalim Sulaimani kwenye mkeka. Kondoo ananukia mtaa mzima. Sadiya wa nyumbani anagawa maji, anatabasamu.

Nikasimama. Nikasema, "Ndugu zangu, hakuna basi."

Nilisema! Naapa, yalitoka. Niliona Shangazi amefumba macho, niliona Maalim ananyanyua mikono. Na kwa mbali, upande wa barabara, nikasikia sauti ya mwanamke. Hafifu. Ilikuwa kama inalalamika.

Kisha nikamwona Sulaiti. Amekaa mbele kabisa, anainua kichwa, macho yamemtoka. Huenda alikuwa analia, sijui. Mimi niliona meno. Nikaona kibao changu kwenye mlango wake. Nikaona picha yake kitabuni, na miwani yangu. Ulimi ukaendelea wenyewe:

"Hakuna basi duniani linaloweza kufanana na la Brelund!"

Watu wakapiga makofi. Ile sauti ya barabarani ikakatika.

Maalim alishusha mikono, akavaa viatu, akaondoka. Shangazi Rabia alimfuata, hakunitazama. Nyama ilikuwa imeiva, watu wamengoja, si adabu kuwarudisha na njaa. Matarajio ya mwaka yalikuwa mfukoni. Nikayatandaza mkekani nikasoma mwenyewe, sauti yangu si mbaya. Amina ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.


Ijumaa, 2 Januari 1976.

Nimelala kidogo. Lakini asubuhi akili imenyooka. Tatizo zima lilikuwa uandishi mbaya, wala si kingine. Mtu hujifunza. Safari hii nimeandika kwa uangalifu: mabasi mapya yana dereva, tena mwenye adabu, na abiria hushuka wanapotaka. Mawili ya soko la Sudan yamo katika matarajio ya jana, yatapita hapa kwenda Yei. Basi la kwanza sikuligusa. Kampuni imelisifu, na ukisahihisha kitu kilichosifiwa unajitia mashaka.

Kwa Sadiya nitaandika nyongeza nyingine, nikipata kuku.

Picha imepigwa. Miwani imenikaa vizuri. Sadiya amesema napendeza, halafu akasema tena, na tena, mpaka nikamwomba aende jikoni.

Baada ya swala yamepita matatu, moja nyuma ya jingine. Vikombe havikutikisika. Nilijua kwa sababu mbwa wamelala. Sikutoka kutazama nani yuko dirishani. Soko la Zaire bado sijaliandika, na posta inafungwa saa kumi.